Kubuni kiwanja cha gofu ya diski kwa wachezaji wa kulipwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wachezaji, na wakurugenzi wa mashindano, na watu waliopewa msitu na kuambiwa "tutengenezee kiwanja". Yanahusu ngazi ya juu ya mchezo. Kiwanja cha familia kina maswali yake mengine, na majibu mengi ya hapa yangekiharibu.

## Mambo ya msingi

Gofu ya diski ni nini hasa?

Ni gofu isiyo na fimbo wala mpira. Unarusha diski ya plastiki kwa mkono kutoka kwenye jukwaa la kurushia, unaendelea kurusha kutoka pale ilipoangukia, hadi itue ndani ya kikapu cha chuma chenye minyororo. Kila mrusho ni alama moja, na mwenye alama chache ndiye mshindi. Hakuna shimo lolote ardhini, lakini kila kipande cha kutoka jukwaani hadi kikapuni watu hukiita shimo: "shimo la kwanza", "shimo la pili". Neno limerithiwa kutoka gofu na halijapata mbadala.

Kikapu cha minyororo ni kazi ya Mmarekani Ed Headrick. Kiwanja cha kwanza cha kudumu kilifunguliwa Oak Grove, California, mwaka 1975, na mwaka uliofuata Headrick akaanzisha PDGA, chama kinachosimamia sheria za mchezo hadi leo. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki na kufinyangwa kuwa diski, kama alivyotaka mwenyewe.

Pari, badi na bogi ni nini?

Pari ni idadi ya mirusho ambayo mchezaji bingwa anatarajiwa kutumia kwenye shimo fulani bila kukosea, hali ya hewa ikiwa ya kawaida. Badi ni moja pungufu ya pari, igo ni mbili pungufu, bogi ni moja zaidi. Anayetangaza pari kwenye mashindano ni mkurugenzi wa mashindano.

Angalia maneno "mchezaji bingwa". Shimo hilohilo linaweza kuwa pari 4 kwa wageni na pari 3 kwa wa kulipwa. Ubao wa pale kiwanjani ukisema 4, haimaanishi mashindano yatasema 4.

Kiwanja cha wa kulipwa kinatofautianaje na cha kawaida? Si urefu tu?

Urefu ni sehemu tu. Mwanamume wa ngazi ya juu hurusha mita 120 hadi 150 mahali pa wazi bila kuhangaika, kwa hiyo mashimo ya mita 80 yasiyo na kizuizi humchosha. Lakini ukirefusha kila kitu bila kufikiri, unapata kiwanja kirefu kinachochosha vilevile. Tofauti ya kweli ni kwamba kiwanja cha kawaida kinatakiwa kimfurahishe mtu, na cha wa kulipwa kinatakiwa kiwapange watu. Baada ya siku tatu au nne, aliyerusha vizuri zaidi awe juu, na aliyerusha vibaya ajue ni wapi alipopotezea. Maswali ya sehemu inayofuata yote yanatokana na hilo.

## Kutawanya alama

Watu husema shimo zuri "linatawanya alama". Maana yake nini?

Tuchukue mfano wa kubuni. Shimo A limechezwa na watu 100. Watu 93 wamepata 3, wanne wamepata 2, watatu wamepata 4. Shimo B limechezwa na watu haohao: 34 wamepata 3, 43 wamepata 4, 17 wamepata 5, sita wamepata 6.

Shimo A halikufanya kazi. Lingefutwa kwenye kadi za alama, na mpangilio wa washindani ungebaki karibu uleule. Watu wametembea, wamesubiri zamu, wamerusha, kisha wote wameandika 3. Shimo B limezungumza na kila mmoja. Hii ndiyo sababu wabunifu wa viwanja vya mashindano huangalia mgawanyo wa alama kabla ya wastani. Wastani wa 3.0 unaweza kutoka kwa shimo bora kabisa, ambapo theluthi moja hupata 2, theluthi 3 na theluthi 4. Wastani huohuo unaweza kutoka kwa shimo lililokufa.

Kwa hiyo shimo lenye mtawanyo mkubwa ndilo bora?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea, pamoja na watu waliosoma takwimu. Mtawanyo unaweza kuletwa na bahati. Simamisha miti 30 ovyo mbele ya jukwaa, uache mianya ya mita moja moja, na utapata alama za kila rangi: 2, 3, 4, 5, 7. Lakini angalia nani kapata nini. Bingwa kagonga mti wa tatu akapata 5, na aliyemaliza wa mwisho kapenya kwa kudra akapata 2. Siku ya pili wamebadilishana.

Swali la kujiuliza ni hili: wenye alama nzuri kwenye shimo hili ndio wenye alama nzuri kwenye kiwanja kizima? Kama ndiyo, shimo linapima ustadi. Kama uhusiano haupo, umejenga bahati nasibu. Ukiwa na kadi za alama za raundi mbili au tatu, unaweza kulifanyia hesabu swali hili kwa kalamu na karatasi: wapange wachezaji kwa matokeo ya jumla, gawa orodha katikati, linganisha wastani wa shimo kwa kila nusu. Pengo likikaribia sifuri ilhali mtawanyo ni mkubwa, chukua msumeno, kapunguze miti.

"Shimo bubu" ni lipi?

Ni jina ninalolitumia kwa shimo ambalo urefu wake umeangukia pabaya. Fikiria uwanja wazi, kikapu kiko mita 165. Hakuna anayefika kwa mrusho mmoja. Lakini hata anayerusha vibaya, mita 100, anabakiwa na 65, na hizo kwa mchezaji wa kulipwa ni kama kumpa mtu chai. Aliyerusha mita 140 anabakiwa na 25. Wote wawili watatua karibu na kikapu kwa mrusho wa pili na kuandika 3. Mita 40 za ziada hazikumlipa mwenye nguvu chochote.

Dawa ni mbili. Lifupishe hadi mrusho bora kabisa ufike kikapuni, au lirefushe na kulipinda ili mahali pa kuangukia mrusho wa kwanza paamue mrusho wa pili utakuwaje. Kubadilisha pari kutoka 4 kuwa 3 si dawa. Wote waliopata badi sasa wamepata pari, na shimo bado ni bubu.

Nipe mfano wa shimo la pari 4 linalopima kweli.

Jaribu hili kichwani. Jukwaa liko ukingoni mwa msitu. Mita 110 mbele kuna uwanda wenye upana wa mita 20 hivi, kisha njia inakata kushoto na kuingia baina ya miti mirefu, mita 95 hadi kikapuni.

Ukitua upande wa kulia wa uwanda, mwanya wote unauona na unaweza kurusha kwa nguvu. Ukitua kushoto, uko karibu zaidi na kikapu kwa mstari ulionyooka, lakini shina moja nene limekaa katikati ya macho yako. Inabidi urushe diski inayoanza kulia na kurudi kushoto, au ukubali kusogea tu. Ukipitiliza uwanda, uko vichakani. Ukipungukia, kona bado hujaiona.

Hapo mrusho wa kwanza una majibu manne, na kila moja linabadilisha mrusho wa pili. Hakuna maji wala kamba za mpaka, na hakuna aliyeadhibiwa kwa kosa asiloliona. Mimi hupenda kusimama nyuma ya shina lile na daftari, nikihesabu wangapi wanaangukia wapi. Wakianza wote kuangukia mahali pamoja, shimo limeanza kuzeeka.

## Miti, mipaka na adhabu

Mwanya kati ya miti uwe na upana gani?

Hakuna namba moja. Mwanya wa mita tatu ulio hatua 15 kutoka jukwaani ni rahisi. Mwanya huohuo ukiwa mita 80 mbele ni kikatili. Kanuni ninayoifuata: mchezaji akipewa mirusho kumi, akiwa na ustadi unaotakiwa, apite mara sita au saba. Akipita zote kumi, miti ni mapambo. Akipita mbili, rudi kwenye swali la bahati nasibu hapo juu.

Muhimu zaidi ni kwamba anayekosa mwanya apate la kufanya. Aliyegonga mti wa kwanza akitumia mrusho mzima kutoka tu vichakani, ameshalipa. Huna haja ya kumwekea na kamba ya mpaka pembeni.

Nje ya mpaka kuna adhabu gani?

Mrusho mmoja wa adhabu. Kwa kawaida mchezaji huendelea kutoka pale diski ilipokuwa ndani kwa mara ya mwisho, na anaruhusiwa kusogea hadi mita 1 kuingia ndani. Mkurugenzi anaweza badala yake kuweka eneo maalumu la kurushia upya.

Kuna pia eneo la adhabu lisilo nje ya mpaka: unaongezewa mrusho mmoja lakini unacheza palepale diski ilipolala. Adhabu ni ileile kwenye kadi, ila kimchezo ni tofauti sana. Ukitoka nje ya mpaka mita 10 kutoka kikapuni, unarudishwa ukingoni na pengine bado uko mita 10. Katika eneo la adhabu unabaki palepale, nyuma ya mawe, na adhabu juu. Chagua kwa kufikiri ni kipi kitamkuta aliyekosea kidogo, halafu aliyekosea sana.

Mipaka ya kamba kwenye uwanja wazi ni ubunifu au ulaghai?

Ugomvi wa miaka mingi. Mfano unaotajwa kila mara ni kiwanja cha Chuo Kikuu cha Winthrop, Rock Hill, South Carolina, ambako mashindano ya USDGC, ya ubingwa wa gofu ya diski wa Marekani, yalianza mwaka 1999. Ardhi ile ni nyasi na miti michache, rahisi kwa mtu yeyote anayerusha mbali, hadi kamba za manjano zinapotandazwa. Shimo la 17 pale lina kisiwa kilichozungushiwa marobota ya nyasi kavu. Mrusho ni mfupi kwa kipimo cha wataalamu, na bado watu wamepotezea mashindano pale.

Msimamo wangu: kamba ni halali ikiwa inachora kitu ambacho ardhi ingekichora kama ingekuwa na akili, yaani mahali pa kutua, ukingo wa njia, kona. Kamba inayokatisha mita mbili nyuma ya kikapu bila sababu, ili diski nzuri iteleze na kutoka, hiyo ni hasira ya mbunifu.

Njia ya lazima (upande wa mti au nguzo ambao diski ni lazima ipitie) hutumika lini?

Pale ambapo diski ikipita upande usiotakiwa itahatarisha watu wa shimo jingine, au itaruka kona nzima uliyoihangaikia. Ukikosa upande uliowekwa, ni mrusho mmoja wa adhabu. Zikizidi mbili au tatu kwenye kiwanja, ni dalili kwamba mashimo yamepangwa vibaya tangu mwanzo.

Je, nimlazimishe mchezaji avuke maji?

Mpe uchaguzi, ulazima uuache. Hesabu yake ni hii. Akizunguka, anapata 3 bila shaka. Akivuka na kufanikiwa anapata 2, akizama anapata 4. Mwenye kufanikiwa mara 6 kati ya 10 atapata wastani wa 2.8, kwa hiyo avuke. Mwenye kufanikiwa mara 4 atapata 3.2, azunguke. Shimo hili linawauliza wachezaji wawili swali moja na majibu sahihi ni mawili.

Kuvuka kukiwa rahisi kwa wote, au kugumu kwa wote, uamuzi unakufa. Sogeza jukwaa mbele au nyuma mita tano tano hadi uone watu wakisita na diski mkononi.

## Kikapu na mazingira yake

Kwa nini wabunifu wanahangaika sana na mita 10 za mwisho?

Kwa sababu sheria inabadilika hapo. Ndani ya mita 10 mchezaji hawezi kujitupa mbele baada ya kuachia diski. Lazima aonyeshe ametulia kabla ya kuvuka mahali diski yake ilipokuwa imelala. Nje ya hapo anaweza kurusha huku akiruka mbele. Na wachezaji wa juu huingiza sehemu kubwa ya mirusho ya ndani ya mita 10, wakati kati ya mita 10 na 20 hukosa zaidi ya nusu.

Maana yake kwa mbunifu: tofauti kati ya diski kutua mita 8 na kutua mita 14 kutoka kikapuni ni karibu nusu ya mrusho. Mteremko, kichaka kimoja, au ukingo wa jiwe ukisukuma diski zilizorushwa ovyo kutoka mita 8 hadi 14, umetawanya alama bila kuongeza hata mita moja ya urefu.

Kikapu juu ya kilima au kwenye mteremko ni haki?

Ni haki kama mchezaji anaweza kuchagua. Kwenye mteremko mkali, diski ikikosa minyororo husimama wima na kubingirika, wakati mwingine mita 30 chini. Aliyepiga kwa ujasiri anaweza kuandika 5 wakati mwenzake, aliyekosa vilevile, ameandika 3 kwa sababu yake ililala. Hapo bahati imeingia. Ukiacha upande mmoja tambarare, ambako mwenye tahadhari anaweza kutulia, nalikubali. Pande zote zikiwa mteremko, sogeza kikapu.

Mashimo yanayopinda kushoto na kulia yawe mangapi?

Karibu sawa. Diski ya mtu wa mkono wa kulia anayerusha kwa mgongo wa mkono humalizia kwa kuangukia kushoto. Akirusha kwa kiganja, humalizia kulia. Kiwanja chenye mashimo 13 ya kushoto kimeshachagua bingwa kabla ya Ijumaa. Upepo nao uhesabiwe: upepo wa uso humfanya mtu aone diski yake ikigeuka upande ambao haikukusudiwa, kwa hiyo mashimo ya wazi yasielekee yote upande mmoja.

## Alama na reitingi

Mtu akimaliza raundi moja akiwa mirusho 18 chini ya pari, kiwanja kimeshindwa?

Si lazima. Mchezaji wa Marekani Paul McBeth alifanya hivyo mwaka 2018 kwenye kiwanja cha Toboggan, Michigan, na siku hiyo waliobaki hawakumkaribia. Kiwanja kilimtenga. Tatizo ni pale watu kumi wanapofika 13 chini kwa pamoja, maana hapo anayekosa badi moja anahisi amepata bogi, na mashindano yanakuwa ya kutokosea tu. Rejea mfano wa Shimo A.

Pari ina umuhimu gani ikiwa mshindi ni mwenye mirusho michache?

Kwa mshindi, hakuna. Kwa watazamaji inasaidia kulinganisha walio kwenye mashimo tofauti. Kisheria ina kazi moja inayouma: shimo ambalo mchezaji hakulicheza kwa kuchelewa huandikwa pari na nne juu.

Reitingi ya raundi inahesabiwaje? Kiwanja kigumu kinaipandisha?

Reitingi ni namba ya ustadi ambayo PDGA humpa mchezaji. PDGA huangalia wachezaji wenye reitingi waliocheza raundi hiyohiyo, na kutokana na alama zao hukadiria mchezaji mwenye reitingi ya 1000 angetumia mirusho mingapi. Wewe unapimwa dhidi ya hapo. Upepo na mvua vimo ndani tayari, kwa sababu wote mliloa pamoja. Kwa hiyo ugumu peke yake haukupandishi.

Kuna jambo dogo ambalo wachezaji hulalamikia. Kwenye kiwanja ambacho mtu wa 1000 hutumia mirusho 50 hivi, mrusho mmoja una thamani ya karibu pointi 10. Kwenye kiwanja kirefu zaidi thamani hiyo hupungua, kwenye kifupi huongezeka. Ukicheza raundi ya maisha yako kwenye kiwanja kirefu, usishangae pointi zikiwa chache kuliko ulivyotarajia.

Wanawake na wanaume wacheze majukwaa yaleyale?

Kwa mashimo yanayotegemea mahali pa kutua, hapana. Rudi kwenye ule mfano wa pari 4: uwanda uko mita 110. Kwa anayerusha mita 95, kona haipo kabisa. Shimo limegeuka kuwa pari 4 ndefu na bubu. Jukwaa la pili, mita 20 mbele, linamrudishia maamuzi yaleyale. Kupunguza urefu wa kiwanja kwa asilimia fulani kwenye kila shimo ni uvivu. Kinachotakiwa kilingane ni maswali.

## Mambo ya pembeni

Diski ikikwama juu ya mti?

Unacheza kutoka chini yake, bila adhabu, isipokuwa mkurugenzi ametangaza kwamba diski iliyokwama zaidi ya mita 2 juu ya ardhi ina adhabu ya mrusho mmoja. Siipendi sheria hiyo kwenye msitu mzito. Mti mmoja huishika diski, wa jirani huiachia, na warushaji wote wawili walikosea sawa.

Shimo la mwisho liwe gumu kuliko yote?

Liwe lenye uwezekano, wa juu na wa chini. Mwaka 2021, kwenye mashindano ya dunia huko Ogden, Utah, James Conrad alifika shimo la 18 akiwa nyuma ya McBeth kwa mrusho mmoja, akaingiza diski kutoka kama mita 75, wakafungana, na akashinda katika shimo la ziada. Mrusho ule ulikuwa mgumu mno, lakini njia ya hewani ilikuwepo. Shimo la mwisho lililozibwa kabisa, ambalo kila mtu husogea kwa tahadhari na kuandika 4, lingemnyima hata jaribio.

Mti muhimu ukianguka wiki moja kabla ya mashindano?

Usisimamishe nguzo mahali pake kwa haraka. Nenda pale na watu watatu wanaorusha mbali, kila mmoja na diski tano, uone njia mpya iliyofunguka inafika wapi. Mara nyingi kusogeza kikapu mita nane upande wa pili kunatosha. Ikishindikana, cheza hivyohivyo, na uandike alama zote. Nimeshakuta shimo ambalo lilikuwa bora bila ule mti, na aliyeupigania zaidi ulipokuwa hai nilikuwa mimi.